Kati ya Tarehe Tisa na Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Kola tangu asubuhi. Kola za buluu, sare za ile shule karibu na machimbo ya mawe. Uzi wa buluu ukaisha, nikamalizia mweusi kwa ndani. Hakuna atakayeona.

Vumbi la malori linaingia hata nikifunga mlango. Zamani niligombana nalo. Siku hizi naliacha likae kidogo juu ya cherehani kabla sijalifuta. Lilikuwa likija nyumbani kila jioni kwenye kope za Elibariki. Alipocheka lilianguka.

Mwaka umepita na zaidi tangu tumzike mume wangu. Bado naweka vikombe vitatu.

Binti yangu Neema ametoka kwa chifu mikono mitupu. Kitambulisho hakuna. Jina limerudishwa kutoka Kajiado. Chuo cha ualimu kinamngoja Januari, na chuo hakimpokei mtu bila kitambulisho. Amekula amesimama. Babake pia alikula amesimama akiwa na hasira.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe. Chifu msaidizi ni kijana mpole. Alinipa kiti, akaeleza polepole kama mtu anayempa mgonjwa habari.

Neema amezaliwa Tanzania. Babake alikuwa Mtanzania. Mimi ni Mkenya, lakini mama hampi uraia mtoto aliyezaliwa nje. Ni baba anayempa. Kwa hivyo binti yangu ni mgeni.

Nikamwambia ameanza nasari hapa Kitengela. Ameimba wimbo wa taifa mbele ya bendera mpaka akamaliza darasa la nane. Akasema, "Najua, Mama Neema. Dadangu mdogo alisimama naye mstari mmoja."

Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningepata mtu wa kugombana naye ningepumua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikulala vizuri. Nilikuwa Namanga usiku kucha, kichwani.

Aprili ya 1985. Tulikaa upande wa Kenya, chumba kimoja nyuma ya kibanda changu cha chai. Uchungu ulinishika mvua ikinyesha. Zahanati ya upande wetu ilikuwa mbali, na shangazi yake Elibariki alikuwa mkunga upande wa pili, pale tu ukivuka. Kila mtu Namanga alivuka. Tulivuka kununua sukari. Tulivuka kusuka nywele. Askari wa zamu aliinua kizuizi, akasema, "Pole mama, pita tu." Elibariki alinishika kiuno, mwavuli wake ukanifunika mimi tu.

Nilifikiri navuka barabara.

Kama mkunga angekuwa upande huu, Neema angezaliwa Mkenya, babake akiwa yule yule, mamake yule yule. Chifu msaidizi alisema hivyo hivyo. Hatua zile chache, na mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Redio kutwa. Wanazungumza juu ya katiba mpya. Watu wanapiga simu. Mmoja anataka sikukuu zipunguzwe, watu wafanye kazi. Mwingine anataka Madaraka na Jamhuri ziwe siku moja. Mama mmoja akauliza kwa nini mwanamke hawezi kumpa mtoto wake uraia. Nikaacha kukanyaga cherehani.

Wakili akaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Kenya, alilala tarehe kumi na moja Desemba 1963 akiwa mtu wa Malkia, akaamka tarehe kumi na mbili akiwa raia. Hakuomba. Wengine walipewa muda waombe. Waliochelewa walichelewa. Na mama? Katika mpya huenda akaruhusiwa. Huenda.

Nilikuwa na miaka saba usiku ule. Kwetu Machakos, kwa nyanya. Naukumbuka kwa sababu ya bendera ya karatasi. Shuleni walitupa kila mtoto moja. Kulipokucha ikanyesha, wekundu ukatiririka kwenye gauni langu jeupe la kanisani. Mama alilisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa limau. Doa halikutoka. Nikalivaa gauni na doa lake hadi likanibana, akalivaa mdogo wangu Mutua kama shati la kulalia.

Kumbe hivyo ndivyo nilivyopata uraia. Usingizini.

Jumapili, 26 Oktoba

Neema ameniuliza tukitoka kanisani: "Mama, mwaka huu tutapika?"

Nilijua anauliza nini. Desemba iliyopita hatukupika. Msiba ulikuwa bado mbichi.

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, kabla sijasahau.

Kwao Elibariki uhuru ni tarehe tisa Desemba. Kwetu ni kumi na mbili. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulibishana mpaka chai ikapoa. Sikukuu ya nyumba hii ni ipi? Alisema yao, maana wao walitangulia miaka miwili mizima. Nikasema nyinyi mlipewa tu, sisi tulimwaga damu. Akasema, "Sisi tuliomba kwa adabu, mke wangu. Ndiyo maana hatukukawia." Yeye kila kitu alikiomba. Siku ya kwanza kibandani kwangu alisema, "Naomba chai, dada, kama si usumbufu." Nikadhani ananicheka. Huku kwetu mtu husema lete chai.

Tukaamua hivi. Tarehe tisa anapika yeye: machalari, ndizi mbichi na nyama kama kwao Arusha, chini ya Mlima Meru. Ndizi alizimenya mwenyewe, mikono ikawa myeusi kwa utomvu siku mbili. Tarehe kumi na mbili napika mimi: muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbuzi wa kuchoma. Siku yake nanyamaza nikisikiliza sifa za nchi yake. Siku yangu ananyamaza yeye.

Na siku mbili za katikati hakuna kujisifu. Tunakula kiporo cha ndizi. Aliziita Pale Katikati, kama kile kipande cha barabara Namanga, ukishatoka kizuizi kimoja na hujafika kingine. Alisema pale ndipo mahali pazuri kuliko pote duniani, hakuna serikali, kuna mbuzi tu.

Neema alikua akijua Desemba ina uhuru mara mbili. Alipokuwa nasari mwalimu aliwauliza tarehe, akataja zote. Akapata mkasi mmoja wa kosa, vema moja. Babake alicheka mpaka akakaa chini.

Sikumjibu Neema kuhusu kupika. Nilisema tutaona.

Jumapili, 2 Novemba

Mutua amekuja kutoka Kajiado. Ana kinu cha kusaga mahindi kule, anajulikana. Ameleta unga, na ameleta wazo.

Neema aandikishwe upya, Kajiado, kwa jina lake yeye Mutua. Binti ya Mutua, kazaliwa Machakos, kalelewa Kitengela na shangazi. Mkewe amekubali. Jirani wa nyumbani Machakos atathibitisha. Kilichobaki ni kamati ya wazee, kwa sababu wilaya ni ya mpakani na kila mtu lazima apite kwao.

"Shangazi ni nani?" nikauliza, na mimi najua.

"Ni wewe, Kalekye. Ni maneno tu. Atabaki kukuita mama nyumbani."

Alisema kwa upendo. Mutua alimpenda Elibariki. Alichimba kaburi lake pamoja na ndugu za marehemu kule Meru, akarudi na malengelenge mikononi. Haibi kitu. Anataka mtoto asome.

Neema aliangalia sakafu. Nikasema tufanye hivyo.

Nimeandika hilo neno na sijisikii vizuri. Lakini Januari haiko mbali.

Jumanne, 11 Novemba

Mama Hodan jirani yangu amefunga Ramadhani. Duka lake limetulia mchana, kwa hivyo alikuja kukaa kwangu, mbali na harufu ya mandazi ya mlango wa pili. Nikamweleza yote. Sikupanga kumweleza.

Alisikiliza. Ni Msomali wa Garissa, babake alizaliwa Garissa, babu yake pia. Alisema wakati ule wa ukaguzi wa uraia, 1989, waliitwa Wasomali wote, wakapangwa foleni juani, wakaulizwa ukoo, chifu wa babu, kisima cha babu. Aliyefaulu alipewa kadi nyingine ya kubeba pamoja na kitambulisho.

"Niko na kitambulisho," alisema, "na niko na kadi ya kusema kitambulisho si uongo. Wanataka na ya tatu, ya kusema hiyo kadi si uongo?"

Tulicheka. Kisha akasema kitu kimoja tu juu ya mambo yangu. Kwamba yeye pale foleni aliogopa, lakini alipoulizwa baba yako nani alijibu haraka, na ile ndiyo sehemu pekee ya siku ile anayoikumbuka bila kuona aibu.

Hakuniambia nifanye nini. Jioni akafuturu, akatutumia sambusa. Neema akala tatu. Amekaa chini leo.

Jumapili, 23 Novemba

Mutua ameleta habari. Kamati itakaa Kajiado Jumanne, tarehe tisa Desemba.

Tarehe tisa. Hakujua alichosema. Mimi na Neema tuliangaliana.

Akaanza kumfundisha pale pale. "Unaitwa nani?" Neema Mutua. "Ulizaliwa wapi?" Machakos. "Baba yako?" Wewe. "Si wewe! Sema Mutua. Na huyu?" Kidole kikanielekea mimi.

Neema alikunywa maji kwanza. "Shangazi."

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Haukuingia. Nikautia mate, haukuingia. Nikasema macho yamezeeka.

Jumatano, 26 Novemba

Idd kwa Mama Hodan. Ametuletea pilau, sahani imefunikwa kwa kitambaa nilichomshonea mimi. Anasema nyumba yao imegawanyika, mumewe alisema mwezi umeonekana, shemeji yake akasema bado. Mmoja amekula jana, mwingine anakula leo, chungu kimoja.

"Na mnaongea?" nikamuuliza.

"Wanaongea sana. Ndiyo shida."

Nilicheka peke yangu baadaye nikiosha sahani. Halafu nikalia kidogo. Elibariki angeipenda hadithi hii. Angeisimulia machimboni wiki nzima.

Jumanne, 2 Desemba

Nimepunguza mapazia, nimeshona mifuko, nimeshona kila kitu kisichohitaji kufikiri.

Neema amevaa kofia ya babake ndani ya nyumba. Ile ya kijani, ukingo umeliwa na jua.

Jumapili, 7 Desemba

Kitengela inajiandaa. Arobaini ya uhuru. Wametundika bendera hata kwenye nguzo za soko la mbuzi. Kinyozi amepaka mawe ya mlangoni rangi za bendera na amekosea mpangilio, wekundu uko juu. Wateja wanabishana naye.

Neema aliniuliza kama babake alitaka kuwa Mkenya. Nilisema hakutaka. Aliwahi kuambiwa aombe. Akasema akiomba itabidi ashike tarehe kumi na mbili peke yake, na yeye hawezi kupika muthokoi. Huo ulikuwa mzaha. Sababu ya kweli aliniambia siku nyingine, tukiwa Namanga tunamsindikiza mamake. Alisema mamake ataona kama amemkana.

Nikamwambia Neema hilo. Sijui kwa nini nilimwambia leo, siku mbili kabla. Ningeweza kunyamaza.

Jumatatu, 8 Desemba

Nguo zimepigwa pasi. Chakula cha njiani tayari.

Jumanne, 9 Desemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika Kajiado mapema. Mutua alikuwa amevaa koti la harusi yake. Wazee walikaa kwenye benchi ukumbini, vijiti mikononi, na karani kijana mezani. Mwenyekiti ni Mzee Lemayian, Mmaasai mrefu, anasagisha mahindi kwa Mutua. Alitusalimu kwa Kimaasai kwanza, "Supa," Neema akajibu "Ipa" bila kufikiri. Mzee akatabasamu.

Waliokuwa mbele yetu waliulizwa kidogo, wakapita. Ikaja zamu yetu. Mutua alisimama akasema aliyosema. Binti yangu. Machakos. Huyu ni dada yangu, amemlea. Nilitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, nilitikisa. Shingo ilikuwa nzito kama nimebeba mtungi.

Ilikuwa inakwisha. Karani alikuwa ameshika muhuri. Mzee mmoja wa pembeni, mwenye blanketi jekundu, akasema aulizwe swali la nchi, vijana siku hizi hawajui kitu.

"Ijumaa tunasherehekea nini?" akauliza, na kabla Neema hajafungua kinywa akajijibu mwenyewe. "Uhuru."

"Hapana mzee," karani akasema. "Ni Jamhuri."

"Jamhuri ni nini kama si uhuru?"

"Uhuru ni sitini na tatu. Jamhuri ni sitini na nne. Tarehe ni ile ile, mwaka ndio tofauti."

"Kwa hivyo tulipata uhuru mara mbili?"

"Na Madaraka je?" mwingine akauliza.

"Hiyo ni ya Juni."

"Mara tatu!" Wa blanketi akapiga fimbo chini. "Na bado barabara ya kwangu haina lami!"

Benchi zima likacheka. Hata waliokuwa nyuma yetu walicheka. Mzee Lemayian akasema yeye siku ile alikuwa na ng'ombe mbali, habari ya uhuru ilimfikia mvua zimekwisha, kwa hivyo kwake tarehe ni ile aliyosikia. Wakabishana tena. Mutua naye alicheka, jasho limemjaa. Nilianza kufikiri tumepita.

Kisha mwenyekiti akainua mkono. "Basi. Tumuulize mwenye amesoma. Mtoto, uhuru ni tarehe gani?"

Neema akasema, "Ya mama ama ya baba?"

Nilisikia karani akiweka muhuri chini.

"Baba si huyu hapa?" Mzee Lemayian alimwonyesha Mutua kwa kidevu. "Baba na mama wako na tarehe mbili?"

Niliona Neema akiniangalia. Hakuwa amejikwaa. Mtoto akijikwaa hushika mdomo. Yeye mikono ilikuwa imetulia mbele ya sketi.

"Huyu ni mjomba," alisema. "Ametaka kunisaidia. Huyu ndiye mama yangu. Baba aliitwa Elibariki. Alikuwa Mtanzania, alichonga mawe Kitengela, na leo ndiyo siku yao ya uhuru. Nilizaliwa Namanga, upande wa pili."

Nikasimama. Sijui nilisimama kufanya nini. Nikasema, "Mimi ndiye mama yake. Nilimzaa mimi." Kama kwamba kuna mtu amebisha.

Mutua alitazama ukutani.

Nilingoja askari. Nilingoja kelele. Mzee Lemayian alikuna goti. Kisha akamwambia ndugu yangu, "Mutua, wewe hukusema kitu hapa. Mimi masikio yangu ni mabaya asubuhi." Wa blanketi akataka kuongea, akamnyamazisha kwa mkono.

Akamgeukia Neema. "Nusu ya ndugu zangu wako Longido, Tanzania. Ng'ombe wetu wakivuka hawaulizwi baba. Lakini wewe si ng'ombe, na hii meza si yangu." Akasema kitambulisho hawezi kupitisha. Akasema iko njia nyingine, mtoto wa raia kuombewa uandikishwaji, inaombwa na mzazi, Nairobi, kabla mtoto hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Ni ndefu. Anajua mmoja aliyepata, anajua mmoja ambaye bado anangoja. Kamati itasema inamfahamu na inafahamu kwamba amekulia hapa.

"Na chuo?" nikauliza.

"Chuo cha Januari sahau, mama."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa.

Barabarani Neema alisema, "Nimeharibu." Nilimshika mkono tu, mkubwa vile. Watu walituangalia. Nilikuwa na hasira naye. Nilijisikia pia mwepesi, kama nimevua viatu. Yote mawili kwa pamoja.

Hakuna ndizi leo. Tumekula mkate.

Jumatano, 10 Desemba

Mutua alituma mtu na maneno. Kwamba tumemfanya mjinga mbele ya watu wanaosaga kwake. Kwamba alijitolea kuwa baba na mtoto akamtema hadharani. Kwamba nisimtafute kwa sasa.

Ana haki ya kuumia. Alivaa koti lake la harusi.

Nimeandika namba ya simu ya chuo kwenye kipande cha karatasi ya sigara ili nikipita kwa simu ya kibandani niwaambie hatakuja Januari. Karatasi bado iko mfukoni. Nitapiga baada ya sikukuu.

Neema amefua nguo zote, hata safi.

Mama Hodan amekuja mlangoni, ameniangalia usoni, ameenda dukani kwake, amerudi na sukari.

Alhamisi, 11 Desemba

Asubuhi nikasema tutapika. Zote, leo. Ndizi zake na muthokoi yangu, siku ambayo si ya mtu.

Neema akasema hatuna ndizi. Sokoni jana zilikuwa zimeiva zote, za kula hivi hivi, si za kupika. Nikaloweka mahindi hata hivyo, nikasema ndizi Mungu atajua.

Saa nne hodi. Mutua. Shati la kazi, unga kwenye nywele. Begani mkungu mzima wa ndizi mbichi. Aliuweka chini mlangoni, hakutuangalia usoni.

"Hizi ni ndizi za shemeji," alisema. "Nimechelewa siku mbili."

Neema alisema, "Karibu, Mjomba." Akampokea kofia aliyokuwa nayo mkononi. Mutua alijibu, "Asante, mtoto wa dada," na nikaona limemgharimu, na nikaona limemtoka.

Akavua saa, akakaa kwenye kigoda, akamenya ndizi. Hajui kumenya. Alimenya nene, nusu ya ndizi ikaenda na ganda. Elibariki angemfukuza jikoni. Mikono imekuwa myeusi. Nikamwambia haitoki leo wala kesho, apake mafuta kwanza. Alisema acha ikae.

Tulikula mchana. Machalari imezidi chumvi, muthokoi haikuiva vizuri. Mutua alimaliza sahani zote mbili. Akauliza tarehe ya leo inaitwaje katika nyumba hii. Neema akamweleza habari ya Pale Katikati, kile kipande cha barabara, na mbuzi. Alieleza kwa sauti ya babake, na mkono wa babake. Mutua alicheka, kisha akasema atanipeleka Nairobi wiki ijayo kwa lori la unga, tuanze hiyo safari ndefu. Ameondoka kabla ya mvua.

Mvua imekuja kweli. Nyepesi. Nje wanafunika bendera za soko kwa nailoni, kinyozi anakimbia na mawe yake.

Naandika hapa mezani. Vikombe vitatu vimetumika leo.

Miaka arobaini kesho. Siku kama hii, jioni kama hii, nilikuwa nimelala kwa nyanya na bendera ya karatasi chini ya mto. Nikaamka nina nchi. Hakuna aliyeniuliza baba yangu ni nani.

Neema amepitiwa na usingizi kwenye kochi, kofia ya kijani kifuani, mdomo wazi kidogo kama babake. Ana utomvu wa ndizi kwenye kidole gumba. Nimemfunika miguu.